Sokwe wa Gombe wamekwenda, Kiswahili kimebaki

Habari ninazoandika gazetini asubuhi, jioni zinafungia karanga. Labda ndiyo maana wiki hii nimenaswa na kisa cha ujumbe uliotengenezwa udumu miaka bilioni moja.

Mwaka 1977, ule ule ambao CCM ilizaliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Marekani ilirusha angani vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2. Kila kimoja kilibeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu, muziki na picha zaidi ya 100. Aliyeongoza kazi ya kuchagua ni Carl Sagan wa Chuo Kikuu cha Cornell. Kwenye kifuniko wakaweka urani kidogo, ambayo nusu yake huisha kwa miaka bilioni 4.5 hivi, ili atakayeiokota apime imesafiri muda gani. Na hawa ndio binadamu wanaoshindwa kupanga bajeti ya mwaka mmoja!

Salamu zimo katika lugha 55. Nimepitia orodha mara mbili. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kisumeri na Kihiti, lugha zilizokufa kabla ya Kristo, zimo. Kiswahili hakimo.

Salamu nyingi zilisomwa na watu waliopatikana pale Cornell. Aliyekuwa karibu na maikrofoni ndiye aliyesema kwa niaba yetu sote. Naye Kurt Waldheim, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, akatoa hotuba yake. Mwaka 1986 dunia ikajua alichokuwa ameficha kuhusu utumishi wake katika jeshi la Ujerumani ya Hitler. Sauti yake hairudishwi tena.

Kinachoniuma zaidi ni picha ya Jane Goodall na sokwe wake. Yaani sokwe wa Kigoma wamekwenda, "hujambo" ya wenyeji wao imebaki.

Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Baada ya miaka kama 40,000 itapita jirani na nyota nyingine. Ukirudi nyuma miaka hiyo hiyo, hapakuwa na Kiswahili wala Kiingereza, wala mkulima hata mmoja duniani.

Jana usiku nimejaribu kuandika salamu yetu. Nikaanza, "Hamjambo huko?" Nikakwama hapo hapo, maana mkono wangu ulikuwa unasubiri mtu ajibu kwanza. Wewe ungeendeleaje?