Kigoda cha Watu Wasio na Dola: Kuanzishwa kwa Taaluma za Siasa za Wakurdi

Katikati ya miaka ya 2010, Chuo Kikuu cha Central Florida, kilichoko katika mji wa Orlando nchini Marekani, kilianzisha programu ya Taaluma za Siasa za Wakurdi. Pamoja nayo kilikuwapo kigoda cha uprofesa chenye jina la Jalal Talabani, Mkurdi aliyekuwa Rais wa Iraki tangu 2005 hadi 2014. Kwa vipimo vya vyuo vikuu vya Marekani lilikuwa jambo dogo: kigoda kimoja katika taaluma ya sayansi ya siasa. Hata hivyo, jina la programu hiyo lilibeba neno ambalo kwa miongo mingi halikuthubutu kukaa kwenye mlango wa idara zilizoshughulikia Wakurdi. Neno hilo ni siasa.

Wakurdi hukadiriwa kuwa kati ya milioni 25 na milioni 35, na wengi wao wamegawanyika katika nchi nne: Uturuki, Iran, Iraki na Syria. Mkataba wa Sèvres wa 1920 uliwafungulia mlango wa kujitawala, na mkataba wa Lausanne wa 1923 ukaufunga bila hata kuwataja kwa jina. Jamhuri ya Mahabad, waliyoitangaza huko Iran Januari 1946, haikumaliza mwaka; kiongozi wake, Qazi Muhammad, alinyongwa Machi 1947. Watu wa namna hii hawana wizara ya elimu ya kuwajengea chuo, wala nyaraka za taifa za kuwatunzia kumbukumbu. Atakaye kuwachunguza hana budi kwanza kuamua atasimama katika ardhi ya nani, na mwenye ardhi hiyo atamruhusu kuuliza nini.

Jibu la kwanza la historia lilikuwa lugha. Wanafunzi wa Kiswahili watalielewa hili upesi, kwa kuwa nao wanajua jinsi tawala za kikoloni zilivyoona sarufi na kamusi kuwa kazi isiyo na hatari. Katika Paris, Kamuran Bedir Khan, mtoto wa ukoo wa watawala wa zamani wa Kikurdi, alifundisha Kikurdi katika shule ya lugha za Mashariki baada ya Vita Kuu ya Pili hadi 1970. Katika Leningrad, kundi la wataalamu wa Kikurdi liliundwa mwaka 1959 kwa juhudi za Joseph Orbeli, na baadaye likaongozwa na Qanatê Kurdo, ambaye mwenyewe alikuwa Mkurdi. Baghdad nayo ilipata idara ya Kikurdi katika chuo kikuu chake baada ya mapinduzi ya 1958. Mahali hapa pote palizaa kazi za thamani katika sarufi, kamusi na fasihi simulizi. Lakini ukimya wao kuhusu mambo fulani ulikuwa sehemu ya bei ya kuwapo kwao. Mwanazuoni wa Kisovieti aliweza kuandika kurasa nyingi juu ya viambishi vya Kikurmanji. Kuandika juu ya haki ya Mkurdi kujitawala lilikuwa jambo lililotegemea uhusiano wa Moscow na Baghdad au Tehran mwaka huo.

Ulinganisho na Kiswahili una mahali pake hapa, ila usivutwe mbali. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na serikali nne za kikoloni zikaipa uwezo wa kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Miaka miwili baadaye, mwaka 1932, Celadet Bedir Khan, ndugu wa Kamuran, alianza kuchapisha jarida la Hawar mjini Damascus, na humo akaeneza alfabeti ya Kilatini ambayo waandishi wa Kikurmanji wanaitumia hadi leo. Kazi zilifanana, ila wenye kuzifanya hawakufanana. Kiswahili kilisanifishwa na serikali zenye mitaala, mitihani na mitambo ya uchapaji. Kikurmanji kilisanifishwa na mhamishwa aliyekuwa akiishi Syria chini ya Wafaransa, ilhali wasomaji wake wengi walikuwa ng'ambo ya mpaka, nchini Uturuki, ambako elimu kwa lugha yao ilikuwa imepigwa marufuku. Ndiyo sababu Kisorani cha Iraki kikabaki na hati ya Kiarabu na Kikurmanji kikafuata Kilatini, wala hapakuwa na kamati ya kuwapatanisha.

Aliyelipa gharama kubwa zaidi kwa kuvuka mpaka wa lugha na kuingia katika siasa hakuwa Mkurdi. İsmail Beşikçi, mwanasosholojia Mturuki aliyefundisha katika chuo kikuu cha Erzurum, alichapisha mwaka 1969 utafiti juu ya mfumo wa maisha ya mashariki ya Anatolia. Alipoteza kazi, akashtakiwa, na kwa ujumla alikaa gerezani miaka 17. Kosa lake lilikuwa kusema kwa maneno ya kisayansi kwamba Wakurdi ni taifa, wakati msimamo rasmi ulikuwa kwamba hawapo. Mholanzi Martin van Bruinessen, aliyefanya utafiti wake uwandani katikati ya miaka ya 1970 na kuandika juu ya machifu, masheikh na dola katika jamii ya Kikurdi, alikuwa na pasipoti ya kurudi nayo Utrecht. Tofauti kati ya wawili hao inaeleza, kuliko nadharia yoyote, kwa nini taaluma hii ilikulia Ulaya, na hatimaye Marekani.

Si kwamba nyumbani hapakujaribiwa. Chuo Kikuu cha Sulaimaniya kilianzishwa mwaka 1968. Mwaka 1981 utawala wa Saddam Hussein ukakihamishia Erbil, mbali na mji uliokuwa chimbuko la migomo ya wanafunzi, na kikafunguliwa upya Sulaimaniya mwaka 1992 baada ya Wakurdi wa Iraki kupata utawala wao. Uturuki nako, sheria ya 1983 iliyokataza uchapishaji katika lugha hiyo ilifutwa mwaka 1991, na takriban miaka ishirini baadaye chuo kikuu cha Mardin kikaruhusiwa kufundisha Kikurdi. Taasisi iliyopewa kazi hiyo iliitwa Taasisi ya Lugha Zilizo Hai. Jina hilo ni zuri, na lilichaguliwa na watu waliojua vema jina gani lingine lingeweza kuandikwa pale. Kisha, Januari 2016, wanataaluma 1,128 walitia saini tamko la kupinga operesheni za kijeshi katika miji ya Wakurdi. Mamia yao walifukuzwa kazi, wengi kwa amri za hali ya hatari zilizofuata jaribio la mapinduzi la Julai mwaka huo. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2019 kwamba kuwaadhibu kulikiuka uhuru wao wa kujieleza, lakini uamuzi wa mahakama haurudishi mara moja darasa lililovunjwa.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na habari hizi kama ramani inavyodai. Tarehe 15 Februari 1999, Abdullah Öcalan, kiongozi wa chama cha PKK kilichoanzishwa mwaka 1978, alikamatwa Nairobi baada ya kufichwa katika makazi ya balozi wa Ugiriki, akasafirishwa hadi Uturuki. Kwa siku chache jina la Wakurdi lilikuwa habari ya Kenya. Msomaji aliyetaka kujua kwa nini mtu huyo alifukuzwa Syria, au kwa nini maelfu ya watu waliandamana Ulaya kwa ajili yake, alihitaji maelezo ya sayansi ya siasa. Kamusi ya Kikurmanji, hata ingekuwa bora namna gani, isingemjibu.

Swali kubwa la taaluma ya siasa za watu wasio na dola ni swali la vyanzo. Katika maasi ya 1991, Wakurdi wa kaskazini ya Iraki waliteka majengo ya usalama ya chama cha Baath na kukuta humo mafaili ya waliowatesa. Takriban tani 18 za nyaraka zilisafirishwa hadi Marekani, na baadaye zikawekwa katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder. Watafiti wa Human Rights Watch walizitumia kuthibitisha kampeni ya Anfal ya 1988, ambayo kwa makadirio yao iliua watu kati ya 50,000 na 100,000. Upande wa Wakurdi hutaja 182,000. Jambo hili lastahili kutafakariwa na kila mwanahistoria. Kumbukumbu kubwa ya siasa za watu hawa iliandikwa na adui yao, kwa lugha ya adui, kwa utaratibu wa karani anayehesabu vijiji vilivyofutwa kama ahesabuvyo magunia. Anayesoma Kiarabu cha mafaili hayo bila kujua Kikurdi ataona majina ya vijiji tu. Anayejua Kikurdi bila mbinu za kuchambua nyaraka za dola ataona msiba, asione mfumo ulioufanya.

Ndiyo maana kazi zilizotoka kwa mwenye kigoda cha Orlando zina uzito. Güneş Murat Tezcür, aliyekuwa wa kwanza kukikalia, alichapisha mwaka 2016 katika American Political Science Review utafiti juu ya kwa nini watu wa kawaida hujiunga na uasi wa silaha. Alitumia taarifa za maisha ya wapiganaji wa Kikurdi zaidi ya 8,000, pamoja na mahojiano na jamaa zao. Hapo Wakurdi hawakuwa tena mada ya pembeni ya watu wa Mashariki ya Kati. Walikuwa ushahidi ambao wataalamu wa uasi kokote duniani wangepaswa kuujibu.

Lipo suala la jina. Talabani alikuwa mwanasiasa na mwanzilishi wa chama, Muungano wa Kizalendo wa Kurdistani, mwaka 1975. Na chama hicho kilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe na Wakurdi wenzake katika miaka ya 1990. Je, kigoda chenye jina lake kinaweza kuchunguza vita hivyo bila kupepesa macho? Swali hilo si geni Dar es Salaam, ambako Kigoda cha Mwalimu Nyerere kilianzishwa mwaka 2008 na kukabidhiwa kwa Issa Shivji, msomi ambaye hakuwahi kuona haya kuikosoa serikali ya Mwalimu mwenyewe. Jina juu ya kiti haliamui maneno ya aliyekikalia. Huamua zaidi kanuni za ajira na ujasiri wa mtu. Hata hivyo, tofauti moja ibaki wazi. Kigoda cha Dar es Salaam kiko katika chuo cha umma, katika nchi ambayo raia wake wanaweza kudai kiendelezwe. Kigoda cha Orlando kiko kwa wenyeji wa mbali, ambao kesho wanaweza kuwa na mahitaji mengine.

Udhaifu huo ulijionyesha Tezcür alipohamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Idara ya Kiingereza au ya Historia huondokewa na profesa, ikatangaza nafasi. Programu iliyojengwa juu ya kiti kimoja huondokewa na mtu ikabaki kutafuta sababu ya kuendelea. Kituo cha Taaluma za Kikurdi cha Exeter, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 2006, kilichukua njia nyingine kwa kujishikiza katika taasisi pana ya taaluma za Kiarabu na Kiislamu na kulea wanafunzi wa uzamivu. Njia hiyo haina mvuto wa kigoda chenye jina, lakini wanafunzi wa uzamivu hutawanyika na kuanzisha kozi kwingine.

Mei 2025, PKK ilitangaza kujivunja, baada ya wito wa Öcalan kutoka gerezani Februari mwaka huo. Vita vya zaidi ya miaka arobaini, vilivyoua makumi ya maelfu ya watu, vimeacha barua, daftari za makambi, hukumu za mahakama na kanda za mahojiano, zilizotapakaa kuanzia Diyarbakır hadi Köln. Wenye kuzikumbuka wanazeeka, na bado haijaamuliwa ni chuo gani kitakachozipokea.