Mlango wa Sabule

Chumba ninachokodisha kina mlango wake chenyewe. Ukipanda daka la nyumba yetu, yaani ukumbi wa mlangoni, kabla hujakata kona ya tekani, ukumbi wa ndani, kuingia kiwandani, yaani uani, kuna ngazi mkono wa kulia. Hiyo inakufikisha sabule, chumba cha wageni, bila kuonana na mtu wa ndani. Waliojenga nyumba hii ya mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, walijua kwamba wageni watakuja kila mwaka, na kwamba wengi wao hawatajulikana na wenye nyumba.

Nimezaliwa humu na kuzeekea humu, na kila nikifagia daka naona jinsi nyumba ya mawe inavyomhoji mgeni. Dakani pana mabaraza mawili: hapo anakaa yeyote, muuza samaki na mpita njia aliyechoka, na shughuli nyingi huishia hapo hapo. Tekani imepindwa makusudi ili jicho la njiani lisifike uani. Kisha kiwanda, kisha misana miwili, yaani kumbi ndefu, kisha ndani kabisa, ambako hata shemeji hafiki bila sababu. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana hauwezi kuzidi urefu wa boriti ya mkoko, kama mita 3 hivi. Kila hatua unayoruhusiwa, unaijua kuwa umeruhusiwa. Sabule iko kando ya safari hiyo. Mgeni hupewa kitanda, maji na heshima zote, lakini hapewi nyumba.

Bibi yangu alipokea wageni wa msimu. Kaskazi ilipoanza kuvuma, kuanzia Desemba, majahazi yaliteremka kutoka Mukalla, Barawa na Kismayu, yakangoja kusi ya Aprili yapate kurudi. Hakuna aliyefika akasema ana pesa, anataka chumba. Kijana wa nyumbani alitumwa dakani na maswali manne, bibi akisikiliza nyuma ya pazia. Mwana wa nani? Amekuja na chombo gani? Nahodha nani? Na msimu uliopita alishukia kwa nani?

Mwenye barua aliitoa. Asiye nayo alitaja watu. Swali la nne ndilo lililokata shauri. Kama mtu alishukia kwa fulani mwaka jana, na mwaka huu anatafuta nyumba nyingine, bibi hakumkubali wala hakumkataa. Alimpelekea tende na kahawa palepale dakani, akamtuma mtoto kwa huyo fulani kuuliza. Huenda palikuwa na deni. Huenda palikuwa na binti. Jibu lilirudi kabla ya alasiri.

Nilidhani hiyo ni tabia ya bibi tu, mpaka niliposoma safari ya Ibn Battuta, msafiri wa Morocco. Alifika Mogadishu mwaka 1331. Anaeleza kwamba meli ikitia nanga, mashua ndogo huiendea zikiwa na vijana wa mji, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hashukii kwingine ila kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama ameuzoea mji na anajuana na watu; huyo huenda atakako. Mwenyeji ndiye amwuziaye mgeni bidhaa zake na kumnunulia nyingine. Atakayempunja mgeni kwa bei, au kumwuzia kitu mwenyeji asipokuwapo, biashara hiyo haihesabiwi.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara. Vijana walipoambiwa kwamba ni mwanachuoni, walimwachia kadhi, kwa kuwa mtu wa elimu ni mgeni wa kadhi, na kadhi akamjulisha kwamba desturi ya mji ni kumwona sultani kwanza. Mashua ya sultani ilikuwa na maswali yake kwa kila chombo kigeni: kimetoka wapi, cha nani, nahodha nani, kimebeba nini, nani yumo. Ni maswali ya bibi yangu, miaka 600 kabla yake. Baada ya hapo ndipo ikaja tambuu na popoo, wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari na maembe, mara tatu kwa siku, siku tatu mfululizo.

Ile sahani iliyofunikwa ndiyo inayonishika. Mwenyeji alimkubali mgeni kabla hajaombwa, na kwa kumlisha alijifunga: deni la mgeni, usalama wake na bei atakayopewa sokoni vyote vikawa juu ya nyumba ile. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita nchi ya Wasomali mwaka 1854 akielekea Harar, aliikuta desturi hiyo kwa jina la abbaan, mtu ambaye ni mlinzi, dalali na mkalimani wa mgeni kwa pamoja. Kwa watu wa pwani hii, kibali kilikuwa dhamana.

Kwetu dhamana hiyo ililegea miaka ya 1970. Walikuja vijana wa Ulaya na Marekani na mikoba mgongoni, wala hawakuwa wana wa mtu yeyote tunayemjua. Kibali kikahamia gatini. Vijana wa mashua waliwatazama viatu na mizigo, wakaamua nani apelekwe nyumba ipi, wakachukua kamisheni yao. Mama yangu aliwapokea. Simlaumu, maana majahazi yalikuwa yamepungua na paa lilikuwa linavuja. Lakini hiyo ndiyo mara ya kwanza sabule yetu kufunguliwa kwa sababu tu mtu amelipa. Ni wakati wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha pekee ambapo mambo yalibaki yalivyokuwa: mgeni wa Tanga au wa Ngazija anajua nyumba yake, na nyumba inamjua, wala hakuna anayetaja bei.

Kisha ikaja simu. Airbnb, mtandao wa kukodisha malazi, ilianza San Francisco Oktoba 2007, wanaume wawili walipowalaza wageni watatu kwenye magodoro ya kujaza upepo ili wapate kodi ya nyumba. Mimi niliingia miaka mingi baadaye. Ombi likifika nina saa 24 za kujibu; nikinyamaza, linakufa lenyewe. Naona tarehe, idadi ya watu, maneno ya mgeni, na maoni ya wenyeji waliompokea kabla yangu, na hilo ndilo swali la nne la bibi. Ipo pia njia ya kubuku papo hapo, ambapo mgeni aliyetimiza masharti huingia bila kuningoja. Hiyo nimeifunga.

Jina nalo linaonekana. Mwaka 2017 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya maombi waliyoyatuma kwa wenyeji wa Airbnb katika miji mitano ya Marekani, yakifanana kwa kila kitu ila jina. Yaliyobeba majina yanayotambulika kuwa ya Wamarekani weusi yalikuwa na nafasi ndogo ya kukubaliwa kwa takriban asilimia 16. Mwaka 2018 kampuni ikabadili utaratibu, picha ya mgeni ikawa haionekani mpaka mwenyeji awe amekubali. Jina lilibaki.

Nilisoma habari hiyo nikiwa nimekaa dakani, na niliona aibu, kwa kuwa nami nimelifanya jambo hilo. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, karibu na hapa, wakapelekwa Somalia. Mwaka 2014 watu waliuawa Mpeketoni. Hofu ilikuwa imekaa mjini kama moshi. Hapo ndipo likaja ombi la familia ya Uingereza, baba akiwa na jina la Kisomali. Aliniandikia kwa Kiswahili chenye ladha ya Chimwini, lugha ya watu wa Barawa. Alisema baba yake alizaliwa huko, na alitaka watoto wauone mji ambao wazee wao waliujia kwa jahazi. Niliyasoma maneno hayo mara mbili, nikaiweka simu chini, na saa 24 zikapita. Bibi angemwuliza ni mwana wa nani, na yeye alikuwa amekwisha kunijibu kabla sijauliza.

Siku hizi namwuliza kila anayeomba maswali yaleyale, atoke Berlin au Nairobi: ametoka wapi, anakuja na nani, alishukia kwa nani mara ya mwisho. Nikishamkubali, mpwa wangu humngoja gatini anapovushwa kutoka uwanja wa ndege wa Manda, na mahamri chini ya kawa.

Mwaka jana nilimwandikia yule baba. Nilimtajia jina la bibi yangu na mtaa wetu, nikamwambia kwamba watu wa Barawa walilala katika nyumba hii, na kwamba sabule iko wazi kuanzia Desemba, kaskazi ikianza. Bado hajajibu.