Diwani na Vijiji vya Viunga vya Nakuru

Kitabu hiki cha taarifa aghalabu hujaa hesabu za michango, majina ya wagonjwa tuliowazuru na ada zisizolipwa. Safari hii twaomba nafasi kidogo tueleze historia ya mtu ambaye jina lake halikosi kutajwa katika kila mkutano wa hapa Kiamunyi, naye ni diwani. Barabara ikiharibika, diwani hulaumiwa. Bomba likikauka, ni yeye. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, mama yake hujifunga leso akaenda kwa diwani. Wachache wamepata kuuliza ni uwezo gani sheria ilimpa mtu huyo, na ni nani aliyempunguzia.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba babu zetu waliokaa katika mashamba ya walowezi hawakuwa na diwani hata mmoja. Sheria ya 1924 iliunda Mabaraza ya Wenyeji, nayo yakaanza kazi 1925, lakini katika hifadhi tu, yaani kule Kiambu, Nyeri, Kavirondo na kwingineko. Mabaraza hayo yalikuwa chini ya Bwana DC, ila yalitoza kodi yao ndogo na kusaidia shule na zahanati. Nakuru haikuwa hifadhi. Nakuru ilikuwa katika ile nchi iliyoitwa Nyanda za Juu za Wazungu, na sheria ya 1928 iliipa Halmashauri ya Wilaya iliyokuwa ya walowezi wenyewe. Mwafrika alihesabiwa humo kama kibarua, yaani skwota, aliyepaswa kwa sheria ya 1918 kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima kipande chake na kulisha mifugo.

Kisha ikatoka sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940. Hii ndiyo wazee wengi huikumbuka kwa uchungu. Iliziwezesha halmashauri hizo za walowezi kupunguza idadi ya mifugo ya skwota, kupunguza eneo la shamba lake, na kuongeza siku zake za kazi hata kufikia 270. Basi halmashauri ya kwanza kuwatawala watu wa mashamba haya haikuja kuuliza mtoto anasoma wapi wala mgonjwa anatibiwa na nani. Ilikuja kuhesabu mbuzi. Si ajabu kwamba hata leo yuko mzee ambaye, akisikia neno "halmashauri", hutazama kwanza zizi lake.

Sheria ya 1950 ilizibadili zile za hifadhi kuwa Halmashauri za Wilaya za Waafrika, zenye nguvu zaidi, ila haikuwafikia skwota. Uhuru ndio uliowafikia. Kwa kanuni za 1963 zikaundwa halmashauri za kaunti zilizochaguliwa na watu wote, na kwa mara ya kwanza mtu aliyeishi shambani alimpigia kura jirani yake ili akamsemee. Halmashauri zilikabidhiwa shule za msingi, afya na barabara za vijijini. Fedha zilitoka zaidi katika kodi ya kila mtu kwa kadiri ya pato lake, ile iliyojulikana kwa herufi tatu, GPT.

Miaka hiyohiyo mashamba yalikuwa yakinunuliwa. Watu waliungana katika vyama vya ushirika na makampuni ya kununua ardhi, wakachanga hisa, wakamlipa mlowezi, wakaleta mpimaji. Sasa fikirini kazi iliyomngoja diwani. Shamba lililokuwa na nyumba moja ya bwana, njia moja ya gari na josho moja la ng'ombe, liligawanywa kwa mamia ya jamaa. Kila mmoja alitaka sehemu yake iwe kubwa, na kila futi ya njia ilionekana kama imeibwa kwake. Palihitajika mtu wa kusimama mbele ya wenye hisa, wengi wao wakiwa wamemzidi umri, awaombe waache ardhi kwa ajili ya shule, soko, makaburi na barabara. Palipokuwa na diwani mwenye subira, au kamati yenye busara, njia zilipatikana. Palipokosekana, gari la wagonjwa halipiti mpaka leo, na maiti hubebwa mabegani hadi barabarani.

Lakini pigo kubwa lilikuja tarehe 1 Januari 1970. Kwa sheria iliyopitishwa 1969, Serikali Kuu ilizitwaa shule za msingi, huduma za afya na barabara kutoka kwa halmashauri za kaunti, pamoja na ile kodi ya GPT, ambayo baadaye ilifutwa kabisa mwanzoni mwa 1974. Sababu zilikuwapo, nasi hatuzikatai. Halmashauri nyingi zilishindwa kuwalipa walimu mishahara, na vitabu vyao vya fedha havikuwa vya kujivunia. Hata hivyo miji mikubwa michache iliachiwa kazi hizo, na mji wa Nakuru ulikuwa mmoja wao. Hivyo watu wawili waliotenganishwa na mpaka wa mji walikuwa na madiwani wawili wa aina mbalimbali. Wa mjini alikuwa na shule, zahanati na wahandisi. Wa kijijini alibaki na ushuru wa soko, sesi ya mazao, leseni za maduka, na miguu yake.

Wala hakuna aliyewaeleza wananchi. Waliendelea kubisha mlangoni kwake kama zamani. Ndipo kazi ya diwani wa kijijini ikageuka kuwa kazi ya kuandika barua na kuitisha harambee. Alimwandikia ofisa wa barabara, alimngoja ofisa wa maji, alipanda gari kwenda mjini kwa nauli yake, akarudi na ahadi. Ardhi yetu hii ni ya volkano, nyepesi, yenye vumbi wakati wa kiangazi na makorongo wakati wa masika. Karavati lililowekwa mwaka huu laweza kusombwa mwaka ujao. Tena maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi, kupita ile miligramu 1.5 kwa lita iliyoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto wetu ndiyo ushahidi. Diwani aliyefaulu kuleta kisima alishangiliwa. Miaka michache baadaye alilaumiwa kwa rangi ya meno, ilhali maji hayo yalihitaji kuchujwa kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeieneza.

Hatuandiki haya ili kuwatakasa madiwani wote. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake 2004 juu ya ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria, haikuwasaza. Vile viwanja ambavyo wazee walikubali kuviacha kwa uchungu, vingi katika nchi hii viliishia mikononi mwa waliokabidhiwa kuvilinda. Kwa maoni yetu, kosa hilo ni zito kuliko barabara mia zisizotengenezwa, kwa kuwa barabara yaweza kuombwa tena, bali uwanja wa shule ukishajengwa maduka haurudi.

Fedha zilianza kurudi 1999, pale halmashauri zilipoanza kugawiwa asilimia 5 ya kodi ya mapato. Kisha Katiba ya 2010 ikabadili yote. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, halmashauri za zamani zilikwisha, na Kaunti ya Nakuru ikapata wadi 55, kila moja na mwakilishi wake katika Bunge la Kaunti. Watu wengi humwita diwani vilevile. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, yamkataza mwakilishi huyo kuingilia kazi za utendaji au kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha makadirio ya fedha na kuisimamia serikali ya kaunti. Karavati ni la ofisi ya msimamizi wa wadi na idara ya barabara. Sheria hiyohiyo imetaja baraza la kijiji, la wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano, wakae pamoja na msimamizi wa kijiji. Twapenda kuwauliza wazee wetu, katika mkutano mkuu ujao, ni wangapi miongoni mwao waliopata kuitwa katika baraza hilo.