Tarehe tatu mwezi wa saba: namna inchi zinavyoandika siku

Katika jamaa yetu hapa Lubumbashi kuko binti mmoja aliyezaliwa tarehe 3 mwezi wa saba 1993. Mama yake haisahau ile siku, ilikuwa siku ya posho, tena mapema asubuhi. Baba yake alihamia Marekani, akafanya kazi miaka mingi, mwisho akapata uraia wa kule. Mwezi wa tano 2014 akatuma ombi ili binti amfuate. Kwa sheria ya kule, mtoto ni yule asiyeoa wala kuolewa na ambaye hajafikisha miaka 21. Baba alihesabu vizuri: miezi karibu mbili ilikuwa ingali imebaki. Karatasi ya ombi aliijaza vile tulivyofundishwa sisi wote kwenye masomo: 03/07/1993.

Jibu lilipofika, lilisema binti alikwisha pita umri. Kwa macho ya karani wa kule, yule mtoto alizaliwa tarehe 7 mwezi wa tatu, kwa hiyo miaka 21 aliimaliza tangu mwezi wa tatu 2014. Hakuna mutu aliyedanganya. Tarakimu nane, zile zile, zilisomwa na watu wawili, na kila mmoja alizisoma sawa kwa desturi ya kwao. Lakini dosie ilisimama miezi kumi na ine.

Tangu hapo nimeanza kuangalia tarehe kwa jicho lingine, na ndiyo sababu nimeandika kurasa hizi. Msomaji anaweza kuwaza kama ni jambo dogo. Basi tufanye hesabu pamoja. Kosa la namna ile linawezekana tu ikiwa siku haipiti 12, kwa sababu mwezi wa kumi na tatu hauko. Siku 12 katika miezi 12 ni 144. Toa zile 12 ambazo siku na mwezi vinafanana, sawa 05/05. Zinabaki siku 132 kila mwaka ambazo mutu wa kwetu na mutu wa Marekani wanaweza kusoma tofauti bila hata mmoja kushtuka. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya mwaka.

Tarehe zetu kubwa nazo zimo. 30/06/1960 haina hatari, wala 24/11/1965, wala 17/05/1997. Lakini 04/01/1959, siku ya mashujaa wa uhuru, Mmarekani ataisoma tarehe mosi Aprili. 11/07/1960, siku Katanga ilipotangaza kujitenga, kwake itakuwa mwezi wa kumi na moja, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kuingia hapa mjini tangu miezi. 10/01/1977, siku volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto, itaruka mpaka mwezi wa kumi. Hata Code de la famille yetu, sheria ya 01/08/1987, itageuka sheria ya Januari. Mwanafunzi anayesoma historia ya Kongo katika vitabu vya lugha mbili ajihazari.

Sasa, hii desturi ya kuweka siku mbele tuliipata wapi? Wazee wetu wa zamani hawakuhesabu siku kwa tarakimu. Walihesabu mwezi wa mbinguni, majira ya mvua na ya jua, na miaka waliiita kwa matendo: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, mwaka chifu fulani aliokufa. Ndiyo sababu katika vitabu vya utambulisho vya wakati wa ukoloni unakuta mara nyingi maneno « né vers 1920 », maana yake alizaliwa kuelekea 1920. Karani aliuliza, mzee akajibu kwa tendo, karani akakisia mwaka. Siku na mwezi vilikosekana kabisa. Na nimeona watu wengi, sio wa Kongo peke yake, waliopewa tarehe mosi Januari na biro kwa kuwa fomu haikubali nafasi tupu. Ukikuta jamaa nzima imezaliwa Januari mosi, usicheke.

Lakini si kweli kusema kama maandishi ya tarehe yalifika kwetu pamoja na Wabelgiji. Upande wa mangaribi, mfalme Afonso wa Kongo, Mvemba a Nzinga, alimwandikia mfalme wa Ureno barua nyingi. Moja inayojulikana sana, ile ya kulalamika juu ya biashara ya watu, ni ya tarehe 6 Julai 1526, na humo siku inatangulia mwezi. Upande wa mashariki, katika Maniema, watu wa Nyangwe na Kasongo waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kufuata hesabu ya Hijra. Neno lenyewe « tarehe » ni la Kiarabu. Miezi yao waliihesabu kutoka mwisho wa Ramadhani: mfungo mosi, mfungo pili, mfungo tatu, mpaka mfungo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani tena. Siku ilianza jua likizama, si katikati ya usiku. Ndiyo maana mpaka leo kwa Waislamu usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Wakati Leopold II alipomfanya Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls, Februari 1887, kwa mwenyewe Tippu Tip mwaka ulikuwa 1304. Mkataba mmoja, watu wawili, miaka miwili iliyoachana karibu karne sita.

Hata Wazungu wenyewe hawakuwa na hesabu moja, na hapa nataka kukawia kidogo kwa sababu watu wengi wanawaza kama kalenda ilishuka mbinguni ikiwa tayari. Mwaka 1582 papa Gregori wa 13 alisahihisha kalenda ya zamani iliyokuwa imechelewa nyuma ya jua. Katika Italia, Hispania na Ureno watu walilala siku ya ine, tarehe 4 Oktoba, wakaamka siku ya tano, tarehe 15. Siku kumi zilipotea. Waprotestanti walikataa kutii papa, hata kwa jambo la jua. Uingereza ilikubali tu mwaka 1752: tarehe 2 Septemba ikafuatwa na tarehe 14. Tena mbele ya hapo Waingereza walianza mwaka mupya tarehe 25 Machi. Ndiyo sababu George Washington, raisi wa kwanza wa Marekani, alizaliwa 11 Februari 1731 kwa hesabu ya kwanza, na 22 Februari 1732 kwa hesabu mpya. Urusi ilingoja mpaka 1918, ikaruka kutoka 31 Januari mpaka 14 Februari. Kwa hiyo mapinduzi yao « ya Oktoba » yalikuwa yanafanyiwa sikukuu tarehe 7 Novemba.

Na Ubelgiji? Wafaransa walipoitwaa mwaka 1795, waliileta kalenda ya mapinduzi yao, yenye juma la siku kumi na majina mapya ya miezi. Wabelgiji waliandika watoto wao katika vitabu vya état civil kwa kalenda hiyo mpaka mwisho wa 1805. Mtu anayetafuta mababu zake kule inamupasa kugeuza tarehe moja moja. Ikiwa mwalimu wa zamani alikuambia kama Mzungu hakosei tarehe, mwalimu alikudanganya.

Kilichobaki kutoka kwa Wafaransa, na ambacho Wabelgiji walituletea, ni ule mpango: siku, mwezi, mwaka, kutoka kidogo kwenda kikubwa. Pia ile desturi ya kusema « premier » kwa siku ya kwanza tu, halafu deux, trois, quatre. Kiswahili nacho kina jambo karibu na hilo: tarehe mosi, tarehe pili, kisha ni tarehe tatu na kuendelea, namba tupu. Majirani wetu waliotawaliwa na Waingereza, Zambia, Tanzania, Uganda na Kenya, wanaandika siku mbele sawa sisi. Kwa hiyo ndani ya soko la Kasumbalesa risiti ya tarehe 05/08 haileti ugomvi.

Wamarekani hawakuvumbua yao. Uingereza ya zamani yenyewe iliandika mara nyingi mwezi mbele ya siku, sawa vile mutu anasema « July 4 ». Waingereza wakaacha pole pole, Wamarekani wakabaki nayo. Tangazo lao la uhuru limeandikwa hivyo, mwezi mbele, mwaka 1776. Jambo la kuchekesha ni kwamba sikukuu yenyewe wanaiita ya nne ya Julai, siku mbele. Na shambulio la Septemba 11, 2001 wanaliita kwa namba, tisa kumi na moja, wakati mutoto wa Kongo akisoma 9/11 atatafuta katika mwezi wa Novemba.

Kuko njia ya tatu, ya kuanza na mwaka: 1993-07-03. Ni ya China, Japani, Korea na Hungaria, na mwaka 1988 shirika la ISO liliiweka kuwa kanuni ya dunia nzima kwa jina la ISO 8601. Wenye kazi ya kompyuta wanaipenda kwa sababu ukipanga karatasi kwa namba, zinajipanga zenyewe kwa wakati. Afrika ya Kusini wanaitumia: namba ya utambulisho ya kila raia inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kanada ndiyo fujo. Kule zote tatu ziko mtaani, na ndugu zetu wa Montréal wanasema ukipewa 04/05/06 uulize kwanza kabla ya kujibu.

Inchi zingine zinatofautiana mpaka kwa mwaka wenyewe. Ethiopia ina miezi 13, na mwaka wa 2000 waliupokea Septemba 2007. Saa zao nazo zinaanza na kucha kwa jua sawa zetu za Kiswahili, kwa hiyo saa moja yao ni saa moja yetu. Thailand inaongeza miaka 543 juu ya ile yetu. Japani inahesabu tena kutoka moja kila mfalme akibadilika; hesabu yao ya leo, Reiwa, ilianza tarehe mosi Mei 2019.

Lakini tusitafute mbali. Sisi wenyewe wasemaji wa Kiswahili tuko na mtego wetu. Ndugu wa Kigoma akikuambia mkutane Jumatano, yeye anahesabu kutoka Jumamosi, siku moja baada ya Ijumaa, siku ya Waislamu. Jumatano yake ni mercredi. Mutu wa Kalemie anasikia « tano » na kuwaza siku ya tano, maana yake vendredi, kwa sababu sisi tunahesabu siku za kazi kutoka lundi: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine, ya tano. Kisha inakuja siku ya posho, wakati wafanyakazi walipogawiwa chakula chao, na siku ya Mungu, ambayo wengine wanaiita ya yenga. Juma la pwani lilitoka msikitini, juma letu lilitoka kwenye kazi ya Mzungu na kanisa. Sijui ni mitumbwi mingapi imengojwa siku mbili kwenye ziwa Tanganyika juu ya neno hilo moja.

Tena kuko mkono wenyewe wa kuandika. Kwenye kalasi zetu moja ina pembe juu, na saba inakatwa katikati. Wamarekani wengi wanaandika moja kwa mustari tu, na saba bila kukata. Moja yetu yenye pembe wanaisoma saba. Nilikwisha ona bahasha iliyoenda nyumba namba 71 badala ya 11.

Turudi kwa binti yetu. Kilichomwokoa ni karatasi iliyokuwa ndani ya sanduku la mama yake, acte de naissance ya commune, yenye alama za mchwa pembeni. Wengi wetu tunachoka na maneno marefu ya karatasi ile: « L'an mil neuf cent quatre-vingt-treize, le troisième jour du mois de juillet ». Tunawaza ni majivuno ya makarani. Kumbe ni sheria ya zamani sana. Code civil ya Wafaransa ya 1804, ile ambayo Ubelgiji uliirithi, ilikataza kuandika tarehe kwa tarakimu katika karatasi za état civil. Waliogopa namba inayobadilishwa kwa kalamu moja tu, na inayosomwa vingine. Makarani wetu wa commune walirithi desturi hiyo kutoka Ubelgiji, na mama huyu aliitunza miaka 21 chini ya vitenge.

Mtafsiri akageuza maneno, neno kwa neno, siku ya tatu ya mwezi wa Julai, na biro ya kule ikafungua dosie tena. Alipanda ndege mwaka 2016. Sasa naye ni raia wa kule. Mwaka uliopita alinitumia picha ya pasipoti yake ya Marekani ili nione kitu. Mahali pa tarehe ya kuzaliwa wameandika 03 Jul 1993, siku mbele, mwezi kwa herufi, sawa mama yake angesema. Na chini kabisa, kwenye ule mustari wa mashine, 930703.