Makro ya kibodi

'''Makro ya kibodi''' ni mfululizo wa vitufe ambao programu ya kuhariri matini huurekodi vinapobonyezwa, ili mtumiaji aurudie wote kwa amri moja. Hufaa kwa kazi inayojirudia, k.m. kuweka kistari mbele ya kila jina katika orodha ya wanafunzi 40.

Programu ya Emacs ilianza mwaka 1976 huko MIT, Marekani, kama mkusanyo wa makro za kihariri kilichoitwa TECO. Katika GNU Emacs ya leo kitufe F3 huanza kurekodi, F4 humaliza, na F4 tena hurudia.

== Mwendo wa kishale ==
Makro huhifadhi vitufe tu, si nia ya aliyevibonyeza. Kila kitufe hutenda kulingana na mipangilio iliyopo wakati wa kurudia.

Tatizo kubwa ni neno "mstari". Mstari halisi wa faili huishia pale mwandishi alipobonyeza Enter; ukiwa mrefu kuliko dirisha, hukunjwa na kuonekana kama mistari kadhaa. Zamani Ctrl-n katika Emacs ilishuka mstari halisi. Tangu toleo la 23 (2009) hushuka mstari unaoonekana, isipokuwa mpangilio line-move-visual umewekwa nil.

Tuseme makro ni: nenda mwanzo wa mstari (Ctrl-a), andika kistari, shuka (Ctrl-n). Kwenye majina mafupi haina shida. Ikikuta maelezo yaliyokunjwa mara tatu, Ctrl-n hushusha kishale hadi sehemu ya pili ya mstari uleule, kisha Ctrl-a hukirudisha mwanzoni. Vistari vyote vilivyobaki hurundikana hapo, na majina yanayofuata hayaguswi. Kosa hili husumbua kulitambua, maana dirisha likipanuliwa linatoweka.

Mpangilio mwingine ni next-line-add-newlines. Makro inayorudiwa bila idadi (Ctrl-u 0 F4) husimama kishale kinaposhindwa kushuka mwisho wa faili. Mpangilio huu ukiwashwa, Emacs huongeza mstari mtupu badala ya kushindwa, na makro haikomi hadi mtu abonyeze Ctrl-g.

Katika Vim, herufi j hufuata mstari halisi na gj ule unaoonekana. Aliyebadilisha j itende kama gj atapata hitilafu ileile, kwani makro yake ina j tu.

Kabla ya kurudia mara nyingi, makro ijaribiwe mara moja kwenye mstari mrefu kuliko yote.