Baba, Mjomba na Tiba ya Mtoto Mwenye Ugonjwa wa Akili

Mtoto anapougua akili, sehemu kubwa ya tiba yake hufanyika nyumbani. Daktari humwona kwa nusu saa, kisha hupita wiki kadhaa kabla ya kumwona tena. Katika familia nyingi za Tanzania na Kenya, anayempeleka kliniki ni mama, ilhali anayetoa nauli na kuamua kama dawa inunuliwe au mtoto apelekwe kwa mganga ni baba. Aliyesikia maelezo ya daktari hana kauli ya mwisho, na mwenye kauli ya mwisho hakuyasikia. Kwa hiyo baba, au mwanamume anayesimama mahali pake, ahesabiwe kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Taaluma nayo ilichelewa kumwona. Ripoti ambayo John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1951 ilihusu malezi ya mama. Baba alionekana humo hasa kama tegemeo la mkewe. Mwaka 1975 Michael Lamb alilalamika kwamba akina baba ni wachangiaji waliosahauliwa katika makuzi ya mtoto. Mwaka 2005 Paul Ramchandani na wenzake walionyesha katika jarida la The Lancet kwamba sonona ya baba katika wiki za kwanza baada ya uzazi huambatana na matatizo ya tabia ya mtoto miaka michache baadaye, hasa kwa wavulana. Afya ya akili ya baba, basi, nayo ni suala la malezi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana ugonjwa wa akili. Wengi hawatambuliwi, kwa sababu dalili zao husomwa vibaya. Sonona ya mvulana mara nyingi hujitokeza kama hasira, utoro au kushuka ghafla kwa alama darasani, naye huitwa mvivu au mkaidi. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania inaviruhusu kwa kanuni za mwaka 2002. Mtoto wa namna hii akichapwa hujifunza kuficha maumivu, na ugonjwa unabaki palepale. Baba ndiye mara nyingi anayeitwa shuleni kwa kesi ya nidhamu. Akiujua ugonjwa, anaweza kuzuia adhabu na kudai rufaa ya hospitali.

Ujuzi huohuo huamua hatima ya dawa. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana. Mwenye mfuko asiyelijua hilo huona fedha zinapotea, akaacha kununua wiki ya pili. Wengine huziacha pale mtoto anapochangamka, na ugonjwa hurudi. Kazi nyingine ni ya ulinzi: kijana anapokata tamaa ya kuishi, sumu za shambani zifungiwe mbali naye, naye asiachwe peke yake.

Baba hayupo kila mahali. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba amekuwa na mamlaka makubwa juu ya watoto wa dada yake, na pengo la baba lilikuwa na mtu wa kuliziba. Utafiti wa Jean Grossman na Jean Rhodes uliochapishwa Marekani mwaka 2002 unaupa utaratibu huo uzito mpya: vijana waliokaa na mlezi wa kujitolea mwaka mzima au zaidi walinufaika zaidi, lakini wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walipungukiwa na hali ya kujithamini. Mlezi wa mradi huondoka fedha za mradi zikiisha. Mjomba, babu au mwalimu wa jirani hubaki, na huyo ndiye anayestahili kufundishwa kwanza.

Sheria tayari zimetoa nafasi. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inatoa likizo ya malipo ya angalau siku 4 mtoto wa mfanyakazi anapougua, bila kubagua ugonjwa wa mwili na wa akili. Akina baba wazitumie siku hizo, na kliniki ziandike jina la baba au mlezi wa kiume katika faili la mtoto na kumwita kwa jina tangu hudhurio la kwanza.