Debian: Mfumo wa tarakilishi usiokubali kuharakishwa

WAHENGA walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Methali hiyo inaufaa mno Debian, mfumo huria wa kuendesha tarakilishi uliojengwa juu ya kiini cha Linux. Mfumo huu hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miaka miwili, ilhali nyingi za programu zilizomo hubadilika kila baada ya miezi michache.

Debian uliasisiwa Agosti 16, 1993 na Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Jina lenyewe liliunganisha jina lake na la mchumba wake, Debra. Mfumo huu hutolewa bila malipo na haumilikiwi na kampuni yoyote. Wanaouandaa ni watu wanaojitolea kutoka mataifa mengi, na kwa hivyo hakuna mkurugenzi awezaye kuwaamuru wakamilishe kazi kufikia siku fulani. Badala ya amri, jamii hiyo hutegemea masharti yanayojulikana na wote.

Hatua tatu

Programu mpya huingia kwanza katika tawi lisilo thabiti, liitwalo sid. Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story, na Sid ndiye yule mvulana aliyezoea kuvunjavunja vikaragosi.

Kwa kawaida programu hukaa huko siku 2, 5 au 10 kulingana na uharaka wake. Isipoleta hitilafu mpya iliyo kubwa, na iwapo kila inachokitegemea kipo tayari, huruhusiwa kuingia katika tawi la majaribio. Tawi hili la pili ndilo hatimaye hufungiwa, likasafishwa na kutangazwa kuwa toleo thabiti.

Ugumu hujitokeza zaidi katika mazingira ya mezani, yaani madirisha, menyu na vitufe ambavyo mtumiaji huviona kwenye kiwambo. Mazingira mashuhuri kama vile GNOME na KDE Plasma si programu moja, bali ni mkusanyiko wa vifurushi vingi vinavyotumia maktaba za pamoja. Maktaba moja ikibadilika, huenda programu zote zinazoitegemea zikalazimika kuundwa upya na kuvuka kwa pamoja. Ndiposa mabadiliko makubwa ya aina hiyo hayafanywi kabla ya kukubaliana na kikosi kinachosimamia matoleo.

Kalenda ya kufunga mlango

Zamani hapakuwa na kalenda. Baada ya toleo la woody kutoka Julai 2002, watumiaji walisubiri karibu miaka mitatu hadi sarge ilipotolewa Juni 2005. Wakati huo tayari Ubuntu, uliojengwa juu ya Debian wenyewe, ulikuwa umezinduliwa Oktoba 2004 kwa ahadi ya toleo jipya kila miezi sita.

Mnamo Julai 2009, Debian ulitangaza kuwa ungeanza kupanga muda wa kusitisha mabadiliko. Kilichopangwa ni muda wa kufunga mlango, si siku ya kutoa toleo. Siku ya kutoa ilibaki kuwa pale kazi itakapokamilika.

Mfano mwafaka ni toleo la 13, liitwalo trixie. Mabadiliko ya maktaba kubwa yalisitishwa Machi 2025, masharti yakakazwa zaidi Aprili na Mei, na toleo likatangazwa Agosti 9, 2025 likiwa na zaidi ya vifurushi 69,000. GNOME 48, iliyotoka Machi mwaka huo, iliwahi kuingia. Plasma 6.3, iliyotoka Februari, iliingia pia. Lakini Plasma 6.4 ilipotoka Juni, ilikuta mlango umeshafungwa.

Faida na gharama

Toleo likishatangazwa, madirisha na menyu hubaki yalivyo. Pengo la usalama likigunduliwa, kwa kawaida wataalamu hurekebisha sehemu hiyo tu katika programu ileile ya zamani, badala ya kuleta mpya. Kivinjari cha Firefox ni miongoni mwa zile chache zisizofuata desturi hiyo, kwani huletwa upya kwa kufuata matoleo yake yanayodumishwa kwa muda mrefu. Kwa jumla, kila toleo hutunzwa kwa miaka mitano, mitatu ya kwanza kikamilifu na miwili inayofuata kwa kiwango pungufu.

Utaratibu huu unamfaa mwenye ofisi au shule ambaye hapendi kukuta tarakilishi zimebadilika sura asubuhi moja. Hata hivyo, anayetamani vipengele vipya hana budi kuvumilia, au kuchukua programu chache kutoka hazina maalumu ya vifurushi vipya vilivyotayarishwa kwa ajili ya toleo thabiti.

Walioathirika zaidi na mpango wa hivi karibuni ni wenye tarakilishi kuukuu za biti 32. Trixie haina tena kiini wala kisakinishi cha mashine hizo. Wanaozitumia wanapaswa kubaki katika toleo la 12, bookworm, ambalo matunzo yake yamepangwa kuendelea hadi Juni 2028. Muda huo unawatosha kujiandaa, mradi hawatausubiri hadi siku ya mwisho.

Anayenuia kuhamia toleo jipya ashauriwe mambo matatu. Mosi, anakili faili zake mahali pengine. Pili, asome maelezo rasmi yanayotolewa pamoja na toleo hilo. Tatu, asiruke: aliye katika toleo la 11 sharti apitie la 12 kwanza kabla ya kufika la 13.